Taulo la Chumba Namba Kumi na Nne

Usiku wa jana niliota taulo limenipigia simu. Lilijitambulisha kuwa ni la chumba namba kumi na nne, ghorofa ya pili, likaniomba nisichelewe.

Nikalijibu kwamba sina zamu. Taulo likasema linajua, ndiyo maana limepiga simu ya nyumbani. Sina simu ya nyumbani. Nina simu moja tu ya mfukoni, na siku hizi hailii. Lakini ndotoni mtu habishani na mambo kama hayo. Nikavaa sare.

Nilipofungua mlango wa chumba changu cha kupanga, nje hapakuwa na uwanja wa mwenye nyumba wala ndoo za wapangaji. Palikuwa na korido ya ghorofa ya pili ya hoteli yetu, na zulia lake jekundu, na jua la saa nne asubuhi limejaa dirishani. Nikashukuru kwamba nimeokoa nauli. Nilipotazama miguu nikaona sina viatu, ila beji ninayo.

Beji hiyo ni ya kijani na imeandikwa Balozi wa Mazingira, Gadiel. Nilivishwa mbele ya wafanyakazi wote na nikapigiwa makofi. Kazi ya balozi ni kuwaangalia wenzake: nani ameacha taa inawaka, nani ameacha bomba linatiririka, nani amefua kisichohitaji kufuliwa. Mwisho wa mwezi anajaza fomu. Tangu siku ya makofi yale hakuna mtu aliyenichangamkia tena pale kazini, na siwalaumu. Mimi pia nisingekaa na mtu mwenye fomu.

Mmoja tu ndiye aliyeendelea kula na mimi, dada Apaikunda wa chumba cha kufulia. Miaka tisa tumekula meza moja. Ananibandulia ukoko wa wali, na kila siku ananikumbusha kwamba mla ukoko hunyeshewa mvua siku ya harusi yake. Nami namwambia mvua inyeshe tu, harusi yenyewe haipo. Huyo ndiye niliyemwandika kwenye fomu.

"Hodi," nikasema mlangoni pa namba kumi na nne.

"Ingia, nimetundikwa," likajibu taulo.

Lipo bafuni, kwenye fimbo yake, jeupe na limechoka. Pembeni yake kuna kikadi nilichokibandika mwenyewe katika vyumba vyote thelathini: Ndugu mgeni, tusaidie kuokoa maji. Taulo ukilitundika, maana yake utalitumia tena. Taulo ukiliweka sakafuni, tutalibadilisha.

"Umesoma?" linauliza.

"Mimi ndiye niliyekibandika."

"Sikuuliza nani kakibandika."

Nikakisoma kwa sauti mpaka mwisho.

"Basi sheria ndiyo hiyo," likasema. "Leo inahusu kila kitu. Usiniangushe."

"Umeniitia nini?"

"Mimi ni shahidi. Kikao cha Apaikunda kimehamia bwawa la kuogelea, na mimi sina miguu."

Kikao hicho hakikutoka ndotoni. Ni cha kweli, kimepangwa leo saa tatu asubuhi ofisini kwa meneja, na mimi nimeitwa kusimamia nilichokiandika. Wakimtia hatiani, Apaikunda anafukuzwa kazi, naye amebakiza miaka miwili tu astaafu.

Kosa lake ni sabuni. Hoteli yetu ina mpango wa kusaidia jamii: vipande vya sabuni wanavyoacha wageni hukusanywa kwenye magunia ili vipelekwe shule za msingi, watoto wanawe mikono. Magunia yanajaa stoo. Yanangoja siku ya kupiga picha ya kukabidhi, na siku hiyo haijapangwa, huu mwaka wa tatu. Apaikunda alichoka kungoja. Akawa anabeba vipande kwenye fuko, anaviyeyusha jikoni kwake, anavimimina kwenye makopo ya maziwa, na sabuni zinazotoka humo anazipeleka zahanati iliyo nyuma ya nyumba yake.

Fomu ya balozi ina mstari unaouliza: ukiukwaji ulioonekana mwezi huu. Miezi mingi niliandika hakuna. Mwezi uliopita fomu ikarudishwa na kikaratasi kimebanwa juu: Balozi asiyeona kitu anatusaidia nini? Nikatafuta jambo dogo kuliko yote ninayoyajua, jambo ambalo mtu hawezi kuumia kwalo, nikaandika fuko la sabuni. Wakubwa walipolisoma wakaliita wizi wa mali ya mradi.

Basi nikaliweka taulo begani. Kando ya mlango ipo ile kadi inayochomekwa ukutani ili chumba kipate umeme, na juu yake kibandiko changu kingine: Ukitoka, zima. Nikachomoa kadi. Taa zikazimika. Feni ikazimika. Dirishani, Mlima Meru nao ukazimika.

Pale ulipokuwa mlima pamebaki weupe mtupu.

"Umeokoa mwingi sana," likasema taulo.

"Utawaka tena?"

"Akiingia mgeni."

Njia ya bwawani hupitia bustanini, lakini ngazi ziliposhuka zilishukia kantini ya wafanyakazi. Ni saa nne asubuhi na watu wanakula chakula cha mchana. Yupo Nasoro wa bustani, wapo wale mabinti wawili wa mapokezi, yupo mpishi. Walikuwa wanacheka. Niliposalimia wakanyamaza, wakainuka na sahani zao.

"Karibu, balozi," akasema Nasoro kwa adabu. "Sisi ndiyo tulikuwa tunatoka."

Wakatoka. Hilo nimelizoea. Lakini baada yao viti vikasukumana vikatoka, halafu benchi, halafu meza moja moja zikijibana mlangoni.

"Samahani, balozi," ikasema meza ya mwisho. "Tuna zamu."

Katika maisha ya kawaida meza hubaki. Kwa haki kabisa niseme kwamba hubaki.

Katikati ya chumba kitupu ipo sufuria moja tu ya wali, wali wenyewe umekwisha, ukoko umeshika chini.

"Wewe ndiye yule wa ukoko?" ikauliza sufuria.

"Ndiye mimi."

"Anayekubandulia hayupo. Mimi siwezi kujibandua."

Upweke ukanishika. Nyumbani kwangu upo pia, lakini nyumbani nina redio. Nikakaa chini.

"Usikae," likasema taulo, lakini limechelewa kusema. Nimeshakaa, nalo limeteleza begani, na pindo lake limegusa sakafu.

Mlangoni likaingia toroli la usafi, lile la mashuka na mataulo, linajisukuma lenyewe.

"Sakafuni?" linauliza.

"Nimepumzika tu."

"Kilicho sakafuni kinabadilishwa."

Kutoka rafu ya juu, ya vitu safi, likatoa Gadiel mpya. Amekunjwa mara nne na amepigwa pasi. Akajikunjua taratibu, akajinyoosha, akaniangalia kwa huruma ya mtu aliyefika kazini mapema. Hana mvi. Ananukia sabuni ya maua. Akainama, akachomoa beji kifuani pangu, akaibandika kwake.

"Pole na kazi," akaniambia kwa sauti yangu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye kikao. Nasoma fomu kama ilivyoandikwa."

"Yapo mambo ambayo sikuyaandika."

"Mimi siyajui hayo," akasema. "Mimi ni mpya."

Akaenda, viatu vyake vikilia vizuri kwenye sakafu. Mimi na taulo tukatumbukizwa kwenye mfuko wa vitu vichafu unaoning'inia ubavuni mwa toroli, kamba ikavutwa juu ya vichwa vyetu. Njia nzima taulo halikunisemesha. Nadhani lilinikasirikia, na lilikuwa na haki.

Mfuko ukafunguliwa katika chumba cha kufulia. Mashine zote sita zinazunguka bila nguo. Dada Apaikunda amekalia ndoo aliyoigeuza chini juu, miwani puani, taulo mapajani, sindano mkononi. Hakuonyesha kushangaa.

"Leo umeletwa na wewe," akasema.

"Nilikaa sakafuni."

"Na sheria unaijua."

Akanishika kola, akaigeuza, akaikagua kama anavyokagua mashati ya wageni. "Huna doa kubwa," akasema. "Umefubaa tu."

"Dada Apai, nisamehe."

"Ngoja nimalize pindo."

Nikangoja. Anashona kwa uzi mweupe kwenye taulo jeupe, mahali ambapo hakuna kilichochanika. Sindano inaingia mara moja, inatoka, anakata uzi kwa meno, anachukua taulo lingine. Rundo liko kushoto kwake, refu kuliko yeye, na linapumua polepole.

"Unashona nini?"

"Naweka alama."

"Alama ya nini?"

"Haya ndiyo yale unayoyaokota sakafuni ukayatundika."

Hapa nimefika pahali nisipopenda kufika. Kila mwezi hoteli hubandika pale mapokezi asilimia ya mataulo yaliyotumika tena kwa hiari ya wageni. Hiari yenyewe hakuna. Mgeni akishajifuta analitupa chini, anakwenda zake kuangalia tembo. Asilimia ilikuwa inatia aibu, na anayeulizwa ni balozi. Basi nikawa kila asubuhi naingia vyumbani wageni wakishatoka, naokota yaliyo chini, nayakung'uta, nayanyoosha, nayatundika vizuri. Asilimia ikapanda. Kikaja cheti, kikawekewa fremu. Mbele ya cheti hicho nimepigwa picha nikitabasamu. Niliamini hakuna binadamu anayejua.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Mgeni hatundiki taulo kwa kulinganisha ncha. Wewe ndiye unayelinganisha ncha."

Kweli nalinganisha.

"Mtu aje ajifutie uso uchafu wa miguu yake ya jana?" akasema. "Hukufikiri."

"Sikufikiri."

"Najua. Kwa hiyo nikawa napita nyuma yako. Nayachukua, nafua kwa mkono, nakausha, narudisha kabla wageni hawajarudi matembezini. Kwa mkono, ili mashine isihesabu. Ingehesabu, asilimia yako ingeshuka." Akavuta uzi. "Kila nikilifua moja naweka mshono mmoja kwenye pindo, nyuma ya lebo. Mataulo yote yanafanana. Nisipoweka alama nachanganyikiwa."

Nilimtazama mikono. Vidole vyake vimechubuka, ngozi imejikunja kwa maji. Mikono hiyo nimeiona mezani miaka yote hii ikinibandulia ukoko, na sikuwahi kuiuliza kitu.

"Kwa nini hukunisema?"

Akaniangalia kwa juu ya miwani. "Ningekuandika wapi, Gadi? Fomu ilikuwa kwako."

Akainuka, akaninyanyua kwa mabega, akanikung'uta mara mbili, akanitundika kwenye kamba kwa vibanio viwili. Taulo la namba kumi na nne akalitundika kando yangu.

"Ukitundikwa unatumika tena," akasema. "Haya, nenda kaseme."

Kamba ikaanza kwenda. Ikatoka dirishani, ikapita juu ya bustani, juu ya Nasoro aliyekuwa anamwagilia majani ambayo nayo yaliinamisha nyuso yaliponiona. Sikuumia sana. Nilikuwa najirudia maneno nitakayoyasema, na yalikuwa mazuri.

Bwawa halina maji, yameokolewa. Chini kwenye vigae pamewekwa kikao. Mwenyekiti ni bomba. Linavuja, na kila tone likianguka karani anaandika: tone. Ukingoni yamepanga mstari magunia ya sabuni, yamechanwa nywele.

"Sisi tunangoja picha," likaninong'oneza gunia la kwanza. "Ni leo?"

"Si leo," nikasema.

"Haidhuru. Tumekauka vya kutosha."

Apaikunda amefika kabla yangu. Amesimama peke yake upande wa kina kirefu, sare imepigwa pasi, mikono ameificha nyuma. Gadiel mpya anasoma fomu. Anasoma vizuri kuliko mimi, anatua kwenye koma. Aliposoma "fuko la sabuni, kinyume na utaratibu", hata mimi nilimwamini.

"Yuko mwenye la kuongeza?" likauliza bomba.

"Yuko huyu," likasema taulo.

"Huyu ni nani?"

"Ni yule wa zamani."

Bomba likanitazama. "Una matone matatu," likasema.

Nikafungua kinywa. Tone la kwanza likaanguka, karani akaandika. Bado nilikuwa natafuta namna ya kuanza ambayo haitanihusu mimi.

Tone la pili. "Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema, "kwa heshima na taadhima."

Tone la tatu likawa linajivuta mdomoni mwa bomba, linanenepa, linang'aa. Ndipo nikasema yote. Nilisema mimi ndiye mdanganyifu, yeye amenifulia, cheti ni cha uongo, fuko halikuwa wizi. Lakini kilichotoka ni povu. Lilitoka jeupe, jingi, lenye harufu ya maua, likashuka kifuani, likajaa kwenye vigae. Tone likaanguka katikati ya povu na halikusikika.

Apaikunda ananiangalia. Hana hasira. Ni vile anavyoniangalia mchana akiniuliza kama nimeshiba.

"Basi, Gadi," akasema. "Usijichoshe."

Akapanda ngazi za bwawa polepole, ameshika goti. Kwenye ukingo kulikuwa na ukuta mdogo na kadi imechomekwa. Akaichomoa, kwa kuwa yeye ni mtu wa kufuata utaratibu. Bwawa likazimika. Magunia yakazimika. Gadiel mpya akazimika akiwa katikati ya koma. Na Apaikunda, kwa kuwa alikuwa humo humo, akazimika pia.

Nikabaki juu ya kamba peke yangu, nikiita. Hapakuwa na kitu cha kunijibu, hata taulo halikuwepo tena.

Nikaamka. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uwanjani wapangaji wameshaanza kuteka maji. Nilikuwa nimelia, na mto umelowa. Nikaenda kunawa uso kwenye beseni, nikanyoosha mkono nyuma ya mlango ninakotundika taulo.

Taulo langu ni la hoteli. Yakichakaa tunagawiwa wafanyakazi, na hili Apaikunda alinichagulia mwenyewe Krismasi iliyopita, akaniambia nisimpe mtu. Nilikuwa nimeshalipeleka usoni nilipokumbuka. Nikalishusha. Nikaligeuza pindo, nikalisogeza kwenye mwanga, nyuma ya lebo.

Sikuona kitu. Nikacheka peke yangu, kicheko cha mtu aliyeachiwa. Halafu nikapitisha kidole gumba.

Ilikuwepo. Mishono ya uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, midogo, imepangwa mstari mmoja, kila mmoja umekatwa kwa meno. Nikaihesabu kwa kidole, kwa kuwa macho yalishaanza kutoona vizuri. Ni kumi na moja. Mara kumi na moja, kwa taulo hili moja tu, na hoteli yetu ina mataulo zaidi ya mia mbili.

Uso niliufutia shati. Taulo nikalikunja pindo likiwa juu, nikaliweka kwenye mfuko pamoja na karatasi niliyoiandika hapo hapo kwa mkono wangu: mataulo, asilimia, cheti, kila kitu, na jina langu chini. Sikujaribu kuisoma kwa sauti. Nikafunga mlango nikatoka saa moja kasoro, ingawa kikao ni saa tatu, ili dada Apaikunda akifika asikute lile benchi la kungojea nje ya ofisi ya meneja halina mtu.